Somo la Ufundi: Maunti na Bushi za Giaboksi kwa Gari Lenye Nguvu Kwenye Barabara Zetu

Ukisimama kwenye steji ya Mautuma asubuhi, utayasikia magari kabla ya kuyaona. Kuna Probox zinazojaza abiria wa kwenda Turbo, lori zilizobeba mahindi, na mara kwa mara Subaru ya kijana fulani ambayo mngurumo wake unajulikana hata na watoto wa shule. Katikati ya kelele hizo ipo moja ndogo ambayo madereva wengi wameizoea hadi hawaisikii tena: "ko!" dereva anapotoa gia ya kurudi nyuma na kuweka ya kwenda mbele, kisha "ko!" nyingine anapokanyaga mafuta.

Kelele hiyo ndiyo somo letu katika toleo hili. Mara nyingi ni sauti ya maunti au bushi iliyochoka. Ukiipuuza, utalipia mpira wa rejeta, egzosti, ekseli au giaboksi nzima. Na ukiitibu vibaya, kwa kufunga kitu kigumu kuliko gari linavyohitaji, utalipia vilevile. Tumechagua somo hili kwa sababu vijana wengi wa wadi yetu na wadi jirani za Lugari wananunua magari yenye nguvu, na wengine wanajifunza ufundi kwa mikono yao wenyewe. Pesa inayoingia kwenye magari hayo ni ya mahindi, ya maziwa na ya boda. Haifai ipotee kwa kutojua.

Ukimaliza kusoma, utaweza kueleza kazi ya maunti, kutambua iliyokufa, kuchagua aina inayofaa kazi yako, na kumsimamia fundi wako anapoifunga.

MAUNTI NA BUSHI NI NINI?

Injini na giaboksi hufungwa pamoja zikawa kitu kimoja kizito. Kitu hicho hakifungwi moja kwa moja kwenye bodi ya gari. Hukaa juu ya vishikizo vya chuma vyenye mpira katikati, na hivyo ndivyo mafundi wetu huviita maunti. Bushi ni ndugu yake mdogo: mpira wa mviringo uliobanwa ndani ya tundu la chuma, na bolti hupita katikati yake. Utazipata bushi kwenye mhimili unaobeba giaboksi, kwenye fimbo inayozuia injini isiinuke, na kwenye vyuma vinavyounganisha mkono wa gia na giaboksi.

Maunti ina kazi tatu. Kwanza, hubeba uzito wa injini na giaboksi. Pili, huzuia injini isijipindue pale nguvu inapotumwa kwenye magurudumu. Tatu, humeza mtetemo ili usifike kwa abiria. Kazi ya pili na ya tatu zinavutana. Mpira laini humeza mtetemo vizuri lakini huiacha injini icheze. Mpira mgumu huishika injini vizuri lakini hupitisha mtetemo wote. Kila uamuzi katika somo hili unatokana na mvutano huo.

Mpangilio hutofautiana. Katika magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Probox, Vitz na Fielder, injini imelala kwa upana wa gari, na kwa kawaida kuna maunti tatu au nne. Katika Subaru Impreza na Forester, injini imeelekea mbele. Kuna maunti mbili chini ya injini, moja chini ya giaboksi kwa nyuma, na fimbo fupi juu ya giaboksi iliyoshikwa kwenye ukuta unaotenga injini na abiria. Fimbo hiyo ina bushi kila upande, nayo ndiyo huizuia injini isiinue kichwa unapokanyaga mafuta.

HESABU YA MAGUNIA

Wengi hudhani maunti hubeba uzito wa injini tu. Hebu tufanye hesabu.

Nguvu ya kuzungusha ya injini hupimwa kwa mita-newton, yaani Nm. Tuchukue injini ndogo ya Nm 140. Gia ya kwanza huzidisha nguvu hiyo mara tatu na nusu hivi, na difu huizidisha tena mara nne hivi. Kwa hiyo 140 × 3.5 × 4 = 1,960 Nm kwenye magurudumu. Magurudumu yanaposukumwa kwenda mbele kwa nguvu hiyo, injini nayo husukumwa kujipindua kwa nguvu iyo hiyo kuelekea upande wa pili, na maunti ndizo huikatalia.

Ikiwa maunti mbili zinazozuia mpinduko huo ziko umbali wa nusu mita, kila moja inashikilia takriban newton 3,900. Hiyo ni sawa na uzito wa kilo 400: magunia manne ya mahindi ya kilo 90 na debe mbili juu yake, kwenye kipande cha mpira unachoweza kukishika kwa mkono mmoja. Na hapo tumechukulia kwamba dereva ameondoka polepole. Akiachilia klachi ghafla, mzigo huja kama pigo la nyundo.

Sasa chukua injini yenye tabo. Hapa sizungumzii mji wa Turbo ila ile mashine inayosukuma hewa kwenye injini. Ukizidisha Nm mara mbili, magunia nayo yanakuwa mara mbili. Ndiyo maana gari lenye nguvu hula maunti haraka, na ndiyo maana wenye magari hayo hutafuta zilizo ngumu zaidi.

HISTORIA KWA UFUPI

Zamani injini ilifungwa moja kwa moja kwenye fremu, chuma kwa chuma, na abiria walitetemeka safari nzima. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kuuza gari la Plymouth lenye injini iliyokaa juu ya maunti za mpira zilizopangwa kwa hesabu maalumu, na mwaka uliofuata Citroën ya Ufaransa ikauchukua mpango huo. Mpira wenyewe ulikuwa umewezekana kwa kazi kama hiyo tangu mwaka 1839, Charles Goodyear alipogundua kwamba mpira ukichomwa pamoja na salfa huwa imara na haulegei kwa joto.

Mshindani wa mpira alikuja mwaka 1937, pale mwanakemia Otto Bayer na wenzake walipotengeneza poliyurethini huko Ujerumani. Hiyo ndiyo mafundi huita "poli", ile bushi nyekundu, ya njano au nyeusi inayong'aa madukani. Poli ni ngumu kuliko mpira na haiharibiwi upesi na oili.

Ugumu wa vitu hivi hupimwa kwa kipimo kiitwacho Shore A. Mpira wa maunti ya kawaida huwa kati ya 50 na 60 hivi. Poli ya barabarani huwa 70 hadi 85, na ya mashindano hufika 95. Kadiri namba inavyopanda ndivyo ugumu unavyopanda, na mtetemo pia.

JINSI YA KUTAMBUA MAUNTI ILIYOKUFA

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ugonjwa ndio huo. Fuata hatua hizi:

1. Tazama. Zima injini, iache ipoe, kisha mulika kila maunti kwa tochi. Tafuta nyufa, mpira uliobanduka kwenye chuma, au injini iliyolala upande mmoja. Maunti nyingine zina umajimaji ndani. Ukiona alama nyeusi ya maji mazito chini yake, imepasuka.

2. Tafuta oili. Mpira ulioloweshwa na oili huvimba, hulainika na kukatika. Kama sili ya injini inavuja juu ya maunti, tengeneza sili kwanza. Ukifunga maunti mpya ya mpira chini ya uvujaji, umeitupa.

3. Jaribu ikiwa na mzigo. Weka vizuizi kwenye magurudumu, vuta breki ya mkono, na mtu mzoefu akanyage breki ya mguu kwa nguvu. Akiwa kwenye gia ya mbele, aongeze mafuta kidogo tu, kisha arudie kwenye gia ya nyuma. Wewe simama kando, kamwe usisimame mbele au nyuma ya gari. Injini kusogea kidogo ni kawaida. Ikiinuka na kurudi kwa kishindo, maunti imekufa.

4. Sikiliza barabarani. Kelele ikija ukipita shimo bila kukanyaga mafuta, shuku saspenshi kwanza. Ikija unapokanyaga na kuachilia mafuta, shuku maunti, lakini kagua pia jointi za ekseli, kwa sababu zinafanana.

5. Tazama mkono wa gia. Katika gari la klachi, mkono wa gia ukirukaruka unapokanyaga mafuta, au gia ikichomoka yenyewe kwenye mlima, injini na giaboksi zinacheza kupita kiasi, au bushi za mkono wa gia zimekwisha.

NGAZI NNE ZA KUBORESHA

Ngazi ya kwanza: mpira mpya wa asili, zote kwa pamoja. Gari lililofika kwetu limetumika miaka kadhaa ng'ambo, likaongeza miaka mingine kwenye marram yetu. Mwenye gari huwa hajawahi kuhisi jinsi lilivyokuwa likiwa jipya. Wengi wanaotaka maunti "za mbio" wakifunga mpira mpya tu, huridhika na kuishia hapo. Kwa Probox, Fielder na gari lolote la abiria, ngazi hii inatosha.

Ngazi ya pili: mpira ulioimarishwa. Umbo lake ni kama la kiwandani lakini mpira ni mgumu zaidi. Wenye Subaru hujua maunti zinazoitwa Group N, jina lililotokana na daraja la magari ya rali yaliyokaribiana na ya kiwandani. Mtetemo huongezeka kidogo, na injini hutulia sana. Kwa Impreza au Forester yenye tabo inayotumika kila siku, hii ndiyo ngazi ninayopendekeza.

Ngazi ya tatu: poli mahali palipochaguliwa. Anza na bushi za mkono wa gia, kwa sababu hazibebi uzito wa injini. Gia huingia kwa usahihi bila bodi kutetemeka sana. Kisha fimbo ya juu ya giaboksi, kisha bushi za mhimili wa giaboksi. Ukifunga poli kwenye maunti zote za injini, tarajia kiti, usukani na vioo kutetemeka gari likisimama. Katika gari la otomatiki mtetemo huo huzidi likiwa kwenye gia na breki imekanyagwa. Kumbuka pia kwamba poli haipendi joto la muda mrefu, kwa hiyo isikae karibu na egzosti bila kinga.

Ngazi ya nne: chuma au alumini bila mpira. Hii ni ya gari la mashindano peke yake. Kwenye barabara ya marram yenye mawimbi, kila pigo linaloingia kwenye gurudumu hupita hadi kwenye giaboksi, na kila mtetemo wa injini huingia kwenye bodi. Nati hulegea, egzosti hupasuka kwenye viungo, na masikio ya giaboksi, ambayo ni ya alumini, huweza kupata ufa. Masikio hayo yakipasuka, mara nyingi unanunua giaboksi nyingine.

Hapa kijana ataniuliza, "Mbona magari ya rali yanafungwa vitu vigumu na yanapita njia mbaya kuliko zetu?" Swali ni zuri. Safari Rally imekimbiwa katika nchi yetu tangu mwaka 1953. Colin McRae aliishinda mwaka 1997 akiendesha Subaru Impreza, na tangu mwaka 2021 mashindano hayo yamerudi kwenye kalenda ya dunia yakiwa na makao Naivasha. Lakini gari la rali halikai barabarani kama lako. Hupelekwa kwa mafundi wake mara kwa mara, likainuliwa, likakaguliwa nati kwa nati, na kilicholegea kikabadilishwa siku hiyo hiyo. Bodi yake nayo imechomelewa upya kuongezewa nguvu. Wewe ukifunga maunti zake bila kuwa na mafundi wake, umechukua nusu ya mpango, na nusu uliyoacha ndiyo iliyokuwa ikilinda gari.

KOSA NILILOLIFANYA MWENYEWE

Somo hili silitoi nikiwa mwalimu asiyewahi kukosea. Miaka michache iliyopita nilinunua Subaru iliyotumika. Giaboksi ilikuwa ikicheza. Nikashauriwa katika gereji moja nifunge maunti ya poli ngumu chini ya giaboksi, na nikaambiwa za injini "bado ziko sawa". Hakuna aliyezimulika. Nami sikuuliza, kwa sababu bei ya moja ilikuwa nzuri kuliko bei ya zote.

Wiki za kwanza nilifurahi. Gia ziliingia vizuri. Mama alipanda siku moja, akashika mlango uliokuwa ukitetemeka, akaniuliza, "Baba, gari hili lina homa?" Nikacheka.

Nisichokijua ni kwamba maunti zote ni timu moja. Giaboksi iliposhikwa imara kwa nyuma, mchezo wote uliobaki ulihamia mbele, kwenye maunti za injini ambazo mpira wake ulikuwa umeanza kubanduka. Miezi mitatu baadaye tulikuwa tukirudi usiku kutoka matangani, mama na shangazi wawili wakiwa nyuma, nikasikia kishindo. Maunti moja ya injini ilikuwa imekatika kabisa. Injini iliinuka kila nilipokanyaga mafuta, mpira wa juu wa rejeta ukasuguliwa hadi ukatoboka, na maji yote yakamwagika. Tulikaa kando ya barabara hadi karibu saa saba usiku. Mama hakunilaumu. Alivua leso yake akamfunika shangazi mkubwa, ambaye baridi ilikuwa imemwingia kifuani. Kimya kile kilinifundisha kuliko maneno.

Nilipojumlisha gharama za kuvutwa, mpira wa rejeta, maji ya kupoozea na maunti za injini ambazo hatimaye nilizinunua, nilikuwa nimepita bei ya seti nzima ya mwanzo. Ndipo nikajifunza kanuni mbili ambazo ningependa uzikariri. Kwanza, usimpe mmoja nguvu huku wenzake ni wagonjwa. Pili, kamwe usichanganye maunti ya giaboksi ya chuma kitupu na maunti za injini za mpira laini. Injini itavuta upande mmoja na giaboksi itakataa upande mwingine, na kitakachopasuka ni kilicho katikati.

KUHUSU VIPANDE VYA TAIRI

Wengi wetu tumeona fundi akichonga tairi kuukuu ili atengeneze bushi, au akimimina gundi ya kioo ndani ya maunti iliyopasuka, au akiifunga injini kwa mnyororo. Hatuwadharau mafundi hao, kwa sababu ubunifu wao umewafikisha watu wengi nyumbani. Lakini elewa mpaka wake.

Ndani ya maunti, mpira umeunganishwa na chuma kiwandani kwa joto na shinikizo hadi ukashikana nacho. Kwa hiyo unaweza kukandamizwa na pia kuvutwa. Kipande cha tairi hakijashikana na chochote. Kikikandamizwa kitakaa, injini ikivuta kwenda juu kitaachia. Mnyororo nao huzuia injini isiinuke, lakini hupiga bodi kwa chuma. Hizo ni mbinu za kukufikisha gereji, wala si matengenezo. Gari la abiria halifai kubeba watu hali injini yake imefungwa kwa mnyororo.

JINSI YA KUFUNGA

Kama unafunga mwenyewe au unamsimamia fundi, hakikisha haya:

1. Gari liwe mahali tambarare, magurudumu yamezuiwa, na limekaa juu ya stendi. Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa na jeki peke yake, wala lililowekewa mawe au matofali. Jeki huvuja, na tofali hupasuka bila kutoa onyo.

2. Chomoa waya hasi wa betri, maana baadhi ya maunti ziko karibu na stata.

3. Beba uzito wa injini au giaboksi kwa jeki ya pili, ukiweka kipande cha ubao katikati. Usibebeshe ubao kwenye bakuli jembamba la oili, kwani litabonyea.

4. Fungua maunti moja, funga mpya, ndipo uende kwa nyingine. Ukifungua zote kwa pamoja injini itahama, na utahangaika siku nzima kuilinganisha na matundu yake.

5. Linganisha mpya na kuukuu kabla ya kuifunga: urefu, matundu na upande wa mbele. Nyingi zina mshale au alama.

6. Ingiza bolti zote kwa vidole kwanza, bila spana. Bolti inayokataa kuingia kwa vidole imekaa upande. Ukiilazimisha utaharibu uzi wa alumini.

7. Kama ni bushi za poli zenye sehemu inayozunguka, zipake grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida haifai hapo.

8. Kabla ya kukaza kabisa, tikisa injini kwa mkono ili ijitafutie mahali pake pa kupumzika. Kisha kaza kwa spana ya kupimia nguvu kulingana na kitabu cha gari lako. "Kaza mpaka ugume" si kipimo.

9. Washa injini. Angalia kwamba egzosti haigusi bodi, mipira ya maji na nyaya hazijavutika, na gia zote zinaingia. Injini ikikaa juu au chini kuliko awali, kebo za gia huenda zikahitaji kurekebishwa.

10. Rudi ukaguzi baada ya kilomita 500 hivi. Kagua kila nati tena. Kwa maunti ngumu, fanya hivyo kila unapobadilisha oili.

KUNUNUA, NA SHERIA

Dai risiti yenye jina la duka, tarehe na maelezo ya kipuri. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakutetea, lakini bila risiti huna pa kuanzia. Kagua maunti kwa kucha. Mpira mzuri hubonyea na kurudi, na mahali unapokutana na chuma hapana ufa wala mwanya. Maunti iliyotumika kutoka gari lililovunjwa inaweza kuwa nzuri, lakini ina umri uleule wa yako. Usiilipe bei ya mpya.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka kila gari lililo barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu. Magari ya abiria hukaguliwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA. Kushindana kwa kasi kwenye barabara ya umma bila idhini ni kosa, hata iwe saa nane za usiku na hata iwe barabara tupu. Maunti ngumu hazifupishi umbali wa kusimama. Zinatuliza injini tu. Mtoto anayevuka kwenda kuchota maji hajui kwamba giaboksi yako imeimarishwa.

KWA WANAOTAKA KUUFANYA UFUNDI HUU KUWA KAZI

Chini ya Katiba ya mwaka 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la kaunti, pamoja na barabara za kaunti. Ufundi wa magari ni miongoni mwa kozi zinazofundishwa katika vyuo vya namna hiyo. Na fundi aliyejifunzia chini ya mti hajaachwa nje: anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, akapata cheti kinachotambuliwa. Fundi mwenye cheti, stendi mbili na spana ya kupimia nguvu atapata wateja ambao hapo awali walikuwa wakipeleka magari yao Eldoret.

JIPIME

Swali la 1: Probox ya abiria inagonga unapoweka gia ya nyuma. Utafunga poli?
Jibu: La. Kagua kwanza, kisha funga mpira mpya wa asili, zote zilizochoka kwa pamoja.

Swali la 2: Rafiki yako amefunga maunti ya chuma kwenye giaboksi na kuacha za mpira kwenye injini. Hatari iko wapi?
Jibu: Giaboksi imekatazwa kucheza hali injini inacheza. Masikio ya giaboksi yanaweza kupasuka.

Swali la 3: Maunti mpya ya mpira imelainika baada ya miezi michache. Utaanzia wapi?
Jibu: Tafuta oili inayovuja juu yake kabla ya kununua nyingine.

Jioni ya leo, kabla hujafunga mlango wa gari, fungua boneti na umulike maunti zako kwa tochi. Ni kazi ya dakika tano. Ukiona ufa, utakuwa umeuona ukiwa nyumbani kwako, mchana au jioni, wala si usiku kando ya barabara na wazee wako wakiwa nyuma.